ASKARI NAYE HUOGOPA

Katika mjadala wa muhula uliopita tulipewa neno hili: "Askari wa kweli haogopi." Mimi nilikuwa msemaji wa upande uliokataa. Tulishindwa vibaya, na mtu mmoja aliyekaa nyuma akapaza sauti kwamba mwoga huwatetea waoga wenzake. Watu walicheka sana, nami nikacheka nao, lakini tangu siku ile jambo hili halijanitoka moyoni. Kengele ililia kabla sijamaliza maneno yangu, basi nayamalizia hapa.

Kwanza nikiri kwamba mimi ni mwoga kweli. Mwezi wa Mei 2015, askari walipopigana na askari wenzao hapa Bujumbura kwenye redio ya taifa, nilikuwa na miaka tisa. Nyumbani kwetu Buyenzi tulilala sakafuni, magodoro yameegemezwa madirishani, nami nililia mpaka sauti ikanikauka. Lakini ninalolikumbuka zaidi si mlio wa bunduki. Kulipotulia nilimwona askari kijana amesimama kwenye kona ya mtaa wetu, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Mama alimpelekea maji katika kikombe. Nusu yake yakamwagika kifuani pake. Alirudisha kikombe, akashukuru, akabaki palepale alipowekwa. Niliwauliza wenzangu katika mjadala: yule alikuwa shujaa au mwoga? Hawakunijibu. Walitaka habari za vita vikubwa, si za kikombe cha maji.

Haya, tutazame vita vikubwa. Katika Vita Kuu ya kwanza mji wetu huu, Usumbura ya wakati ule, ulikuwa chini ya Wajerumani hata Wabelgiji walipouteka mwezi wa Juni 1916. Lakini pigano ninalolitaka ni la mwanzo wa vita hiyo, katika koloni lile lile la Wajerumani, upande wa pwani: Tanga, Novemba 1914. Waingereza walileta kwa meli askari wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi, chini ya Jemadari Aitken. Wajerumani, chini ya von Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Tarehe 4 risasi zilipovuma katika mashamba, zikapasua mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini, na nyuki wakawashukia watu bila kuuliza bendera. (Waingereza wengine walisema baadaye kwamba Wajerumani ndio waliowatega nyuki wale. Mtu aliyeaibika hakosi la kusema.) Vikosi vizima vya Kihindi vikatupa bunduki na kukimbilia ufukoni.

Hapo wenzangu husema: tazama, waoga. Lakini kikosi cha Kashmir, Wahindi pia, waliokuja katika safari ile ile ya bahari chini ya jemadari yule yule, waliingia mjini wakapigana mitaani pamoja na Waingereza wa Lancashire. Je, hao hawakuogopa? Mimi siamini. Waliokimbia walikuwa na mafunzo haba, wakatupwa mwituni mara tu waliposhuka melini. Waliosimama walikuwa wameizoea kazi yao, na kila mmoja alimjua mwenzake aliye ubavuni pake.

Na usiku wa siku ile likatokea jambo linalonifurahisha kuliko yote. Askari wa Wajerumani nao, kwa kosa la amri, waliondoka mjini wakarudi kambini kwao. Tanga ikabaki tupu! Waingereza hawakujua, nao walikuwa wakijiandaa kurudi melini. Siku ya pili wakaondoka, wakaacha nyuma bunduki kwa mamia, bunduki za rashasha na shehena kubwa ya risasi.

Katika vita hiyo hiyo, wakuu wa jeshi la Uingereza waliwaza kama wenzangu wa mjadala, tena wakaandika mawazo yao kwa risasi. Askari waliotoroka au walioitwa waoga walifungwa kwenye mti na kupigwa na askari wenzao. Mwaka 2006 watu 306 kati yao walisamehewa kwa sheria, miaka 90 baadaye, wakati hakuna hata mmoja wa kusikia msamaha huo. Hilo ndilo tunda la kusema askari haogopi. Kijana aliyefundishwa hivyo hataisema hofu yake. Ataificha, nayo itatafuta pa kutokea, ama miguuni, ama kwenye kidole, akapiga kila kinachojongea. Sisi tuliolala sakafuni tunajua ni nani aliye mbele ya kidole hicho.

Baba yangu mdogo ni askari. Burundi ilipeleka majeshi Somalia tangu Desemba 2007, naye alikwenda na kikosi kimoja cha baadaye. Siku ya kuaga, bibi alimtajia methali ya kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Alimbusu mkono, akaenda. Hakuwako Leego alfajiri ya tarehe 26 Juni 2015, kambi ya Warundi iliposhambuliwa na makumi ya askari wetu wakafa, lakini aliwajua baadhi yao kwa majina. Nilipomwuliza kama walikuwa hawaogopi, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama walikuwa hawali. Aliniambia kwamba kila jioni huko waliulizana wazi nani hakulala jana, na ambaye hakulala hakuchekwa. Alipewa zamu ya ulinzi pamoja na mtu mzima aliyezoea. Yeye mwenyewe alipewa zamu hiyo majuma mawili ya kwanza.

Nasikia wengine wenu, nanyi wanafunzi wa zamani, mtasema kwamba jeshi likikubali hofu litavunjika. Labda. Lakini Tanga lilivunjika jeshi ambalo hakuna aliyeuliza nani hakulala.

Yule aliyenipigia kelele siku ya mjadala ni rafiki yangu, tena amekusudia kuomba nafasi ISCAM, chuo cha maofisa wa jeshi. Jumapili iliyopita, tulipokuwa tukifua nguo, alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini: baba yako mdogo, usiku ule wa kwanza, alifanyaje? Nikamwambia aje Buyenzi likizo hii amwulize mwenyewe. Amesema atakuja, ila nisimwambie mtu. Jina lake sikuliandika.