Staa wa Kasulu Anaua Samaki kwa Ajili ya Kiki
Kuna staa mmoja wa Kasulu, jina kapuni, kaposti tenki lake la samaki wa baharini. Lita 20! Mashabiki wakamwaga makopa, na jamaa mmoja wa Kibondo akatangaza naye ananunua dogo kama hilo, eti ni rahisi kwa anayeanza.

Rahisi kubeba, sawa. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Zikikauka lita 2 tu kwenye hilo la 20, chumvi inafika karibu 39, maana maji yanaondoka, chumvi inabaki. Kwenye tenki la lita 200 samaki hata hashtuki. Uchafu wao nao ni sumu, ila kwenye maji mengi inachelewa kuua. Anayeanza ndiye anayekosea sana, kwa hiyo ndiye anayehitaji kubwa.

Hela haipo? Bahari aiache. Hapo chini tu Ziwa Tanganyika lina visamaki vinavyoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, mpaka Ujerumani wanavifuga. Lita 60 zinavitosha, na chumvi ya bahari havitaki.

Staa kashafuta ile posti, kaweka ya gari. Samaki wako wapi?