Nyota za Karatasi

Siku hizi nasikia sana sifa za kufundisha kwa mtindo wa michezo. Mwanafunzi akijibu swali hupewa pointi. Pointi zikijaa hupanda ngazi. Akipanda hupata beji, na jina lake huonekana juu ya orodha, ukutani au kwenye kioo cha kompyuta. Watoto wanapenda michezo, tunaambiwa, basi tuigeuze shule kuwa mchezo. Mimi napinga, na napinga nikiwa mtu aliyelitenda kosa hilo kwa mikono yake.

Nilipokuwa nafundisha hisabati darasa la nne, nilibandika ukutani karatasi ya manila yenye majina ya wanafunzi wote. Nyota nilizikata kutoka karatasi ya kung'aa ya pakiti za sigara. Nyota kumi, penseli moja. Wiki tatu za mwanzo nilijiona bingwa: mikono ilijaa hewani, madaftari yaliletwa mapema. Kisha waliokuwa mkiani wakaacha kunyoosha mikono, kwani karatasi ile iliwatangazia aibu yao kila asubuhi. Wengine wakagundua kuwa kunakili kwa jirani nako kunaleta nyota.

Lakini kilichonichoma ni binti mmoja aliyezoea kubaki baada ya kengele, akiniuliza kwa nini hiki, kwa nini kile. Siku moja nikampa fumbo la sehemu, akalifikirie nyumbani. Akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, na hili lina nyota?" Nikamwambia halina. Hakuja na jibu.

Baadaye sana nilisoma kwamba mwaka 1973 wataalamu watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walikuwa wameandika jambo hilihili. Walichukua watoto wadogo wa chekechea waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti kizuri wakichora. Wengine hawakuahidiwa kitu. Siku zilipopita, waliochora kwa ahadi ndio waliopunguza hamu ya kuchora kwa hiari yao. Raha ilikuwa imegeuzwa kibarua, na kibarua bila malipo nani akitake?

Wanaoleta pointi hizi husema wanaleta mchezo. La hasha! Wanaleta ujira. Nani aliyewahi kulipwa kwa kucheza kombolela? Wazee wanaosogeza kete za bao kutwa nzima chini ya mwembe wanangoja beji gani? Tazama vitendawili vyetu. Anayeshindwa hutoa mji, mji wenyewe ni wa mdomoni tu, kisha hupewa jibu. Hata aliyeshindwa huondoka na elimu. Katika orodha yangu ya nyota, aliyeshindwa aliondoka mikono mitupu.

Utaniuliza: na mtoto asiye na hamu kabisa, tumfanyeje? Sisemi asipongezwe. Hata katika utafiti ule, watoto waliopewa cheti bila kukitarajia hawakupoteza hamu yao. Tena nakubali kwamba penseli yaweza kumwanzisha mtoto aliyekwama. Lakini kwanza tuulize kwa nini amekwama. Pengine ana njaa. Pengine kitabu kimoja kinagombewa na watano. Pengine sisi walimu tunafundisha kwa kuchosha. Nyota haishibishi, wala haifundishi. Hutufichia tu kasoro zetu. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Somo linalohitaji kutembezwa kwa zawadi kila siku, na tulikague lenyewe.

Muhula ulipokwisha niliibandua ile manila. Nikaigeuza, na kila Jumatatu nikaandika mgongoni mwake swali moja gumu lisilo na zawadi. Wachache walianza kusimama mbele yake wakibishana, mmoja wao akiwa kati ya wale wa mkiani. Yule binti hakusimama nao, wala hakubaki tena baada ya kengele. Hilo ndilo deni langu, na halilipiki kwa nyota.