Mimba hatarishi Karatu na Ngorongoro: kadi imeonya, nani anampeleka mama hospitali?

Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alipokea tuzo ya Global Goalkeeper ya Taasisi ya Gates, na kubwa lililotajwa lilikuwa kupungua kwa vifo vya wajawazito. Takwimu zenyewe zimesikika sana: utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulipata vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukapata 104.

Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikuwa na hesabu tofauti. Makadirio yao yaliyotoka 2023 yaliiweka Tanzania kwenye 238 kwa mwaka 2020. Wataalamu wabishane kuhusu namba, ila vifo vimeshuka, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba huo ni wastani wa nchi nzima. Haukuambii mama wa Nayobi au wa Mang'ola anafikaje hospitali uchungu ukimshika saa nane usiku.

Tuanze na kliniki. Nesi anaposema mimba ni hatarishi, anaangalia vitu vinavyojulikana: umri mdogo sana, uzazi mwingi, upasuaji uliopita, mapacha, presha, kisukari, upungufu wa damu. Anaandika kwenye kadi na kumwambia mama kuwa huyu hajifungulii zahanati, ni hospitali tu.

Kadi inasaidia sana kwa kifafa cha mimba, kwa sababu mara nyingi kinatoa ishara kabla. Presha ikifika 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, tena kukawa na protini kwenye mkojo, hiyo ni taa nyekundu. Kichwa kuuma sana, kuona maruwewe, maumivu juu ya tumbo: usisubiri tarehe ya kliniki. Kuna kinga pia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza aspirini ya dozi ndogo kwa walio kwenye hatari kubwa, kuanzia wiki ya 12 na isichelewe sana. Sasa mama anayeanza kliniki mimba ikiwa na miezi mitano au sita, muda mzuri wa kuianza umeshampita. Na hali ikiwa mbaya kuna sindano ya magnesiamu salfeti. Jaribio kubwa la kimataifa lililochapishwa 2002 lilionyesha inapunguza uwezekano wa degedege kwa zaidi ya nusu. Dozi ya kwanza inaweza kutolewa kwenye kituo kidogo kabla mama hajapakiwa kwenye gari. Dawa si ya ajabu wala si ngeni. Swali ni kama ipo kabatini usiku huo, na kama aliye zamu amezoea kuichoma.

Kutokwa na damu baada ya kujifungua ni habari nyingine kabisa, maana kadi haikupi onyo. Wengi wanaopata tatizo hilo hawakuwa na alama yoyote ya hatari. Kwa hiyo kugawa wajawazito kwenye makundi mawili, wa hatari na wa kawaida, kisha kuwaacha hao wa kawaida wajipange wenyewe, ni kosa. Huyo "wa kawaida" akianza kumwaga damu bomani, hana siku nzima ya kutafuta gari.

Hapo ndipo jiografia inapoingia. Karatu mjini kuna ahueni: ipo Hospitali ya Kilutheri, ipo FAME, na lami inakwenda mpaka Arusha, kilomita zisizopungua 140, kama rufaa inahitaji Mount Meru. Toka mjini uteremke Mang'ola, upande wa Ziwa Eyasi, au upandishe geti la Loduare uingie hifadhini, mambo yanabadilika. Kuanzia getini ni vumbi kiangazi na utelezi masika, ukungu kwenye ukingo wa kreta, na sehemu ambazo simu haisomi.

Wilaya ya Ngorongoro ina hospitali ya Wasso kule Loliondo na ya Endulen ndani ya hifadhi. Lakini wajawazito wengi wa Tarafa ya Ngorongoro wakipewa rufaa wanateremkia Karatu, yaani wilaya nyingine. Ukipanga vitanda, damu salama na mafuta ya gari kwa kuhesabu wakazi wa wilaya moja tu, hao hawamo kwenye hesabu yako.

Dawa ya tatizo hili ilishajaribiwa hapo hapo. Watafiti walichagua vituo 16 vya Wilaya ya Ngorongoro, na wajawazito 905 wakafuatiliwa. Kwenye baadhi ya vituo, nesi alikaa na mama kliniki na kuandika naye mpango: utajifungulia wapi, utasafiri na nini, hela inatoka wapi, nani atakusindikiza, nani atabaki na watoto. Matokeo yalichapishwa 2013. Waliojifungua kwa msaada wa mtaalamu walikuwa zaidi kwa asilimia karibu 17 kuliko kwenye vituo vingine, na waliorudi kliniki mwezi wa kwanza baada ya kujifungua walizidi kwa asilimia 30. Kilichowatofautisha ni maongezi na karatasi. Hakuna mashine iliyonunuliwa.

Mpango huo una maana zaidi kwa jamii ya wafugaji, ambako mwenye kauli ya mwisho anaweza kuwa mbali na mifugo siku uchungu unapoanza. Kama mume na mama mkwe hawakuwepo wakati wa kupanga, mpango ni wa nesi, si wa familia.

Baada ya mpango kuna usafiri. M-Mama, iliyozinduliwa kitaifa 2022, inatumia namba 115 bila malipo: unapiga, mhudumu anapima dharura, gari la wagonjwa likikosekana anaitwa dereva wa eneo lenu aliyesajiliwa, naye analipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Ni mfumo mzuri kweli. Ila unahitaji mtandao na gari lililo jirani, vitu viwili ambavyo Nainokanoka si vya uhakika. Kwa wa mbali, jibu bora ni kuondoka nyumbani mapema, wiki mbili tatu kabla ya tarehe, na kukaa kwenye nyumba ya kusubiria karibu na hospitali. Nyumba hiyo iwe na jiko, chakula na nafasi ya msindikizaji. La sivyo mama atarudi bomani siku ya tatu, na hutamlaumu.

Halafu kuna suala ambalo halikwepeki: ardhi. Ndege za Flying Medical Service, zilizohudumia maeneo haya tangu miaka ya 1980, zilisimamishwa 2022. Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2024 ilisema huduma za Endulen nazo zilipunguzwa, wakati uhamisho wa wakazi kwenda Msomera ukiendelea. Serikali inasema wanaohama wanahama kwa hiari. Desemba 2024 Rais alikutana na viongozi wa Wamaasai Arusha na kutangaza tume mbili, ya ardhi na ya uhamisho.

Tume zina muda wake. Mimba ina wiki 40. Anayeishi hifadhini leo, hata kama mwakani atakuwa Msomera, anahitaji kupimwa presha mwezi huu, na akipewa rufaa anahitaji gari usiku huo huo. Madiwani na wabunge wa wilaya hizi mbili wanaweza kuulizwa mambo machache yanayohesabika: nyumba za kusubiria zina vitanda vingapi, zahanati ngapi zina magnesiamu salfeti leo, na nani analipa mafuta mgonjwa wa Ngorongoro anapopelekwa Karatu.