Rafiki wa Gemu Akifa, Maandishi Yake Yanakwenda Wapi?

Jamani, liko jambo ambalo wazee wetu hapa Kabiro hulicheka: kijana kuomboleza mtu ambaye hakuwahi kumwona kwa macho. "Mlijuana wapi?" "Kwenye gemu." Mzee anatikisa kichwa na kurudia chai yake.

Mimi nasema mzee amesahau magazeti. Kwa miaka mingi washairi wa Taifa Leo wamejibizana kwa mafumbo, wengi wakijuana kwa lakabu tu, na malenga akiaga wenzake humtungia tanzia. Hakuna anayewauliza walijuana wapi. Hata Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alirushiana beti na mahasimu wa Lamu kabla ya umeme kufika pwani yetu. Kuchezeana kwa maandishi si ugeni uletwao na intaneti.

Najua hapa mtaani gemu maana yake ni kibanda cha PlayStation: unalipa mechi yako ya FIFA, unapiga kelele, unakwenda zako. Lakini ziko gemu ambazo kazi yake kubwa ni kuandika. Unabuni mhusika, unaandika anavyosema na anavyotenda, mwenzako anajibu, na hadithi inakwenda miaka.

Mats Steen wa Norwe alikuwa mmoja wao. Maradhi ya misuli yalimweka kwenye kiti cha magurudumu, na wazazi wake waliamini kwamba ameishi bila marafiki. Alifariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Alikuwa ameacha neno la siri la ukurasa wake, baba yake akaingia akatangaza msiba. Basi barua zikamiminika! Kumbe ndani ya World of Warcraft, kwa jina Ibelin, alikuwa amewashauri watu, amewapatanisha, amewaliwaza. Wenzake wa kundi la Starlight walisafiri kutoka nchi nyingine kuja kumzika.

Hapa ndipo mimi kama mtu wa programu nasimama kidogo. Mwaka 2024 filamu ya maisha yake ilionyeshwa, na mazungumzo ya Ibelin ndani yake yametoka kwenye kurasa zipatazo 42,000 ambazo kundi lilikuwa limezihifadhi. Gemu ile haikuwekei maneno yako. Lazima mchezaji mwenyewe aandike amri ya /chatlog, ndipo mazungumzo yaingie kwenye faili ya kawaida kabisa ndani ya kompyuta yake. Mtu asipojisumbua, hakuna kitu.

Sisi je? Tuna moyo wa harambee, hilo halina ubishi. Msiba ukitokea, kamati inaundwa usiku huohuo, M-Pesa inalia, basi la kwenda ushago linapatikana. Siku ya pili baada ya mazishi kila mtu anajitoa kwenye kundi la WhatsApp, na rambirambi zote zinazikwa tena! Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa kawaida hufutwa baada ya siku 120. Google nayo, tangu Desemba 2023, imeanza kufuta akaunti za watu binafsi zilizokaa miaka 2 bila kuguswa, pamoja na hati zilizomo. Hadithi mlizotunga na marehemu zimebaki kwenye simu zenu, na simu za Nairobi mnazijua.

Kwa hiyo nashauri kila kundi la waandishi wa gemu liwe na mtunza faili, kama vile chama kinavyokuwa na mweka hazina. Atoe mazungumzo nje ya WhatsApp kila mwezi, bila picha, kwa ridhaa ya wenzake. Maandishi matupu ya mwaka mzima ni mepesi. Flashi ya bei ya chini inayabeba na nafasi inabaki. Na kwenye Google uko mpangilio wa kumchagua mtu wa kupokea vitu vyako ukinyamaza muda mrefu. Uwashe ukiwa mzima, na umwambie huyo mtu.

Kuna rafiki yangu anayesema maneno ya mchezo yaachwe yapotee, kwamba ndiyo raha yake. Simwelewi. Ninyi mnasemaje?