Mieleka ya kulipia: Shabiki amepokonywa kura yake

KWA karibu miaka 30, shabiki wa mieleka nchini Marekani alikuwa na silaha moja tu dhidi ya wenye mchezo, nayo ilikuwa mfuko wake. Kampuni inayojulikana leo kama WWE iliandaa mapambano makubwa ambayo hayakuonyeshwa bure kwenye runinga. Mwanzoni mara chache kwa mwaka, kisha kila mwezi kuanzia 1995. Aliyetaka kuyatazama nyumbani aliilipa kampuni ya kebo kwa usiku huo mmoja. Asiyependezwa alilala.

Kwamba matokeo ya mieleka hii hupangwa mapema si siri tena. Kwa hivyo, swali halijawahi kuwa nani mwenye nguvu zaidi, bali ni nani awezaye kumfanya mtu atoe pesa zake. Mnamo 2007, katika WrestleMania 23 mjini Detroit, mmiliki wa kampuni hiyo Vince McMahon na tajiri Donald Trump waliweka nywele zao rehani, kila mmoja akiwakilishwa na mwanamieleka wake. Ununuzi ulifika takriban milioni 1.2, na McMahon akanyolewa kichwa kizima ulingoni. Kichekesho, naam, lakini kilichoridhiwa na walionunua. Wanamieleka nao walipata mgao wa mauzo ya aina hiyo.

Mfumo huo ulikuwa na unyama wake. Mei 23, 1999, Owen Hart alianguka kutoka juu ya ukumbi wa Kemper Arena, Kansas City, alipokuwa akiteremshwa kwa kamba kuingia ulingoni, akafariki. Onyesho lililokuwa limekwisha kulipiwa liliendelea hadi mwisho.

Mageuzi yalikuja Februari 2014. WWE ilianzisha huduma yake ya intaneti kwa dola 9.99 kwa mwezi, ilhali WrestleMania pekee ilikuwa ikigharimu takriban dola 60. Shabiki alishangilia, na ni nani angemlaumu? Hakutambua kwamba pamoja na unafuu huo alikuwa akikabidhi uwezo wa kukataa pambano moja na kukubali lingine.

Tangu hapo mnunuzi halisi si yeye. Mnamo 2021 mapambano hayo yaliuziwa Peacock nchini Marekani, na Septemba 2025 yakahamia ESPN kwa mkataba wa miaka mitano unaoripotiwa kuwa wa dola bilioni 1.6. Pesa hizo zimeahidiwa hata kabla ya kengele ya kwanza kulia, pambano liwe tamu au chapwa.

Mnunuzi mwingine ni serikali. Mnamo 2018 WWE ilitia saini mkataba wa miaka 10 na Saudi Arabia. Novemba 2 mwaka huo, mwezi mmoja kamili baada ya mwanahabari Jamal Khashoggi kuuawa katika ubalozi mdogo wa nchi hiyo mjini Istanbul, kampuni hiyo ilifanya onyesho la Crown Jewel jijini Riyadh. John Cena na Daniel Bryan hawakushiriki. Wanawake hawakuruhusiwa kupigana huko hadi Oktoba 31, 2019. Mashabiki wengi walinung'unika, lakini manung'uniko hayo hayakuwa na pa kuandikwa katika daftari la mapato. Septemba 2025 ilitangazwa kwamba WrestleMania ya 2027 itafanyika Riyadh. Itakuwa mara ya kwanza kwa onyesho hilo kutoka Amerika Kaskazini.

Na ule unafuu wa 2014? Mmarekani anayejiandikisha moja kwa moja na ESPN alitozwa dola 29.99 kwa mwezi huduma hiyo ilipozinduliwa 2025, mara tatu ya ada ile ya awali. Anayechukizwa na pambano moja hawezi tena kususia usiku mmoja. Hana budi kukatiza huduma nzima, pamoja na mpira wa vikapu anaoupenda.