Vibete vya Kahawia Havikufukuzwa

Hoja kwamba vibete vya kahawia, magimba yaliyo kati ya sayari na nyota kwa uzito, ni sayari zilizotupwa nje na nyota zake haisimami. Kundi la nyota la Kilimia, linalochomoza mashariki jioni za Novemba mvua zikianza Ufipa, linaikanusha: kibete cha kahawia Teide 1, kilichotangazwa humo mwaka 1995, kina maada takriban mara 55 ya Mshtarii, mzigo mzito mno kwa sayari. Lithiamu yake ingalipo. Nyota ndogo kamili ya umri wa Kilimia ingekwisha kuiteketeza, hivyo Teide 1 si nyota kamili pia. Kwenye makundi machanga zaidi, vibete vingi vimezungukwa na sahani za gesi na vumbi, kama nyota changa, na baadhi ni jozi zilizoshikana kwa mvutano hafifu. Mtetezi atasema vipo vilivyofukuzwa. Naam, huenda vichache. Lakini msukosuko wa kufukuzwa ungezitenganisha jozi hizo legevu. Vingi vilizaliwa kama nyota, wingu la gesi lilipoporomoka kwa uzito wake na kumeguka vipande.