Kompyuta Inatujua Wakati wa Kudaiwa Tu

Haya jamani, leo tuzungumze ardhi. Siku hizi kila kikao cha ardhi kina wimbo mmoja: mifumo, sayansi ya data, ramani za kidijitali. Tunaambiwa kompyuta zitapanga miji, zitagawa viwanja na kumaliza migogoro. Mimi si adui wa kompyuta, maana mkate wangu unatoka humo humo. Nina swali moja tu kwa wakubwa: hiyo kompyuta itamfanyia nani kazi?

Nauliza kwa sababu hapa Arusha tumeshaiona ikifanya kazi, na inafanya kazi vizuri sana ikitaka.

Kwenye mradi wa miji ya kimkakati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, Arusha iliwekewa mfumo wa mapato uitwao LGRCIS. Majengo yaliingizwa kwenye ramani, na kila jengo likaunganishwa na mtu wa kulipa. Kwa mujibu wa Benki ya Dunia yenyewe, walipa kodi waliotambuliwa waliruka kutoka 31,160 hadi 104,629. Mapato ya jiji yakapanda kutoka dola milioni 2.6 mwaka 2012/13 hadi dola milioni 4.6 mwaka 2015/16.

Sawa, hongera. Jiji lisilo na mapato halina barabara. Lakini tafakari kidogo. Watu zaidi ya 70,000 ambao jana hawakuonekana, leo wameonekana hadi mlango wa duka! Kwa hiyo asije mtu kutuambia kwamba kujua kiwanja kipi ni cha nani katika mji huu ni kazi isiyowezekana. Picha ya setilaiti haichagui. Inayoona paa la fundi seremala wa Sokon I ndiyo hiyo hiyo inayoona uwanja wa mpira uliomegwa, njia ya maji iliyozibwa na eneo la shule lililoota ukuta usiku. Kama jicho linaona deni na halioni eneo la wazi, tatizo si jicho.

Tena hata kwenye kudai tumerudi nyuma. Mwaka 2016 kodi ya majengo iliondolewa halmashauri ikapelekwa TRA. Agosti 2021 ikahamia kwenye LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Ukinunua umeme, imekatwa. Ni rahisi kukusanya, sikatai. Ila yule mwenye jumba la kifahari lisilo na ghorofa na yule mwenye vyumba viwili vya tofali za kuchoma wanakatwa sawasawa, na mara nyingi anayeweka umeme ni mpangaji. Tulikuwa na ramani inayoweza kutofautisha nyumba na nyumba, tukachagua mita ya umeme isiyojua tofauti. Hiyo ndiyo sayansi ya data?

Sasa ngoja nieleze hesabu ninayoisema, maana wengine wanaifanya ionekane ni uchawi. Wataalamu wanaiita utafiti wa operesheni. Ilikua Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanasayansi wakisaidia jeshi kupanga vichache vilivyopo ili vifanye kazi kubwa. Kwa lugha ya kwetu: una shuka fupi, utamfunika nani?

Tuchukulie kata ina viwanja viwili vya umma na fedha za zahanati moja. Ukijenga kiwanja cha kwanza, wakazi kwa wastani watatembea dakika 10, lakini wa mwisho kabisa watatembea 50. Ukijenga cha pili, wastani unakuwa dakika 15, ila hakuna anayezidi 30. Kipi bora? Ukiiambia kompyuta "punguza wastani", itakupa cha kwanza. Ukiiambia "mlinde aliye mbali zaidi", itakupa cha pili. Zote mbili ni hesabu sahihi. Aliyeamua si kompyuta, ni yule aliyeandika amri. Na huyo ndiye tunayetaka kumjua jina lake na sababu zake.

Hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Mkubwa akisema "mfumo umeamua", usipige makofi. Muulize: mfumo uliambiwa utafute nini?

Wa Arusha hatuhitaji kwenda mbali kujifunza hili. Mwaka 1947 Tume ya Ardhi ya Arusha na Moshi, chini ya Jaji Mark Wilson, ilikaa na ramani ikaona mashamba ya wazungu na maeneo ya Waafrika yamechanganyika. Ikapendekeza yapangwe upya kwa vitalu, kila watu na upande wao, na ukanda wa Sanya kati ya Meru na Kilimanjaro uwe wa ufugaji wa walowezi. Kwenye karatasi ilionekana safi kabisa. Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 walianza kuondolewa Engare Nanyuki kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa, New York, kuieleza dunia. Ramani ile haikukosea vipimo. Ilikosa kuwauliza waliokuwa wanakaa ndani yake.

Na Wamarekani nao walionja. Idara yao ya Misitu, ilipokuwa inapanga misitu ya umma miaka ya 1980, ilitumia programu kubwa ya hesabu iliyoitwa FORPLAN. Iliamua miti ikatwe wapi na lini. Wananchi, na hata watumishi wa idara, walilalamika kwamba ni sanduku jeusi: unaingiza namba huku, jibu linatoka kule, na hakuna wa kukueleza katikati kulitokea nini. Badala ya kumaliza ubishi, ikauongeza.

Turudi kwetu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kompyuta inaweza kupiga mstari wa mita 60 kando ya Themi kwa sekunde chache na kutoa orodha ya nyumba. Swali ni orodha hiyo ianzie wapi. Ikianzia kwa dereva wa tingatinga, hiyo ni Engare Nanyuki yenye umeme. Ikianzia kwa anayetafuta viwanja mbadala, kwamba viko vingapi, nani ahame kwanza kabla ya masika na fidia ilipwe kwa mpangilio gani, hapo hesabu imemtumikia mwananchi.

Data zenyewe zipo. Mwaka 2022 tuliwekewa namba za nyumba, makarani wa sensa wakapita na vishikwambi, na majengo yakahesabiwa. Jiji likapata watu 617,631, kutoka 416,442 wa mwaka 2012. Watu laki mbili wameongezeka kwa miaka kumi, ardhi haijaongezeka hata hatua moja. Ndiyo maana kila kipande cha umma kilichobaki ni dhahabu, na dhahabu haiachwi kwenye droo ya mtu mmoja.

Kwa hiyo natoa madai matatu, wala hayahitaji mfadhili.

Kwanza, ramani ya ardhi yote ya umma ya kila kata ibandikwe ukutani ofisi ya kata, na iwekwe kwenye intaneti bure. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 ulitumia wanafunzi na wananchi kuchora mitaa inayofurika, na ramani zake ziko wazi. Na itakapochorwa, majina yasahihishwe: Sokon I iko Jiji, Sokon II iko Halmashauri ya Wilaya. Faili lililoandikwa "Sokon" tu ni la nani?

Pili, kila hesabu inayogawa kiwanja, shule au fidia itangazwe kwa Kiswahili kabla ya jibu kutoka: inatafuta nini, inamlinda nani. Isomwe kwenye mkutano wa mtaa.

Tatu, mwananchi awe na mahali pa kusema "hapa data zenu zimekosea", na ajibiwe kwa maandishi na mtu mwenye jina. "Mfumo uko chini" si jibu.

Tumeshahesabiwa vya kutosha, wakubwa. Sasa ni zamu yetu kuwahesabu ninyi, kiwanja kwa kiwanja.

Naomba kuwasilisha.